Umri kama Hoja: Uhakiki wa Kisa cha Mzee Thomas Parr

Wahenga husema kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Methali hii ndiyo aghalabu humsukuma mtafiti wa fasihi simulizi kumtafuta mkongwe kuliko wote kijijini, na kuutanguliza umri wake katika maandishi kana kwamba ni muhuri wa ukweli. Kisa cha Mwingereza Thomas Parr, aliyefariki London mwezi wa Novemba 1635 akidaiwa kuwa na miaka 152, chaonyesha hatari iliyomo katika desturi hiyo.

Parr alikuwa mkulima wa Shropshire. Mwaka huo wa 1635 kabaila mmoja, Thomas Howard wa Arundel, alimpeleka London ili aonyeshwe Mfalme Charles wa Kwanza. Mshairi John Taylor, aliyekuwa mpiga makasia wa mto Thames, akatoa upesi kijitabu kiitwacho The Old, Old, Very Old Man. Fani ya kijitabu hicho yastahili kuchunguzwa. Kichwa chake hurudia neno la uzee mara tatu, mfano wa mtambaji avutaye sauti ili kulikuza jambo. Ndani yake, hata hivyo, Taylor hutumia mbinu nyingine, nayo ni hesabu. Parr alizaliwa 1483. Alioa mara ya kwanza akiwa na miaka 80. Alitubu hadharani kwa uzinzi akiwa na miaka 105. Akaoa tena akiwa na miaka 122. Lau mshairi angalisema tu "miaka mia na zaidi", msomaji angaliitambua chumvi ya msimulizi. Idadi kamili humfanya adhani kwamba anasoma daftari. Ufundi wa Taylor umo humo, na udhaifu wake pia. Maana amri ya kuandikisha ubatizo, ndoa na maziko katika parokia za Uingereza ilitolewa 1538, miaka 55 baada ya mwaka huo wa kuzaliwa.

Walakini idadi hiyo ilipata nguvu kuliko shairi lenyewe. William Harvey, tabibu aliyeeleza mzunguko wa damu 1628, aliupasua mwili wa Parr, akaviona viungo vya ndani kuwa vizima, akahukumu kwamba kilichomwua ni mabadiliko ya hewa na chakula. Umri hakuutilia shaka. Lakini taarifa yake, iliyochapishwa 1669, ina neno zito: mzee hakukumbuka karibu lolote la ujana wake, wala wafalme, wala vita vya zamani. Juu ya kaburi lake katika Westminster Abbey, kinyume chake, yamechongwa majina ya watawala kumi. Jiwe lakumbuka asiyoyakumbuka mwenyewe. Umri huo, basi, ulikuwa mali ya waliomzunguka: kabaila alipata ajabu ya kumpelekea mfalme, mshairi akapata wanunuzi.

Aliyelitazama dai hilo kwa jicho kali ni William Thoms, katika kitabu chake cha 1873 juu ya maisha marefu. Ni yeye huyo aliyebuni, 1846, neno la Kiingereza linalotumika hadi leo kwa mapokeo ya wananchi. Mpenzi wa ngano ndiye aliyedai ushahidi, wala hapana ukinzani hapo. Umri mkubwa kupita wote unaokubaliwa kwa hati ni ule wa Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki 1997 akiwa na miaka 122. Yaani umri uleule ambao Taylor anamwoza Parr mke wa pili.

Jambo hili lawagusa wakusanyaji wa fasihi simulizi katika Kenya. Wakikuyu, kwa mfano, waliyapa marika yao majina kutokana na matukio ya mwaka wa tohara. Mzee alitajapo rika lake ametoa ushahidi uwezao kulinganishwa na wa wenzake. Mtafiti aigeuzapo kauli hiyo kuwa "miaka 115", bila kueleza njia aliyopitia, amefanya alivyofanya Taylor: ameondoa ushahidi, akaweka pambo. Kumwongezea mkongwe miaka si kumheshimu. Heshima ni kuandika alilosema kwa namna alivyolisema, kisha kulipima. Na kipimo kikiukataa umri, masimulizi yake yangali na haki ya kusikilizwa.