"Naatu" na "Naacho": Mizani Imesalimika, Maana Imepotea

Filamu ya RRR, iliyoongozwa na S. S. Rajamouli na kutolewa Machi 2022, ilitengenezwa kwa Kitelugu, kisha ikatiwa sauti za Kihindi, Kitamil, Kikannada na Kimalayalam. Mtazamaji wa leo, mbele ya picha maangavu inayodhihirisha hata vumbi likitua juu ya kiatu, huchagua lugha kama achaguavyo kitoweo. Lakini Netflix ilipoanza kuionyesha, Mei 2022, iliileta kwa sauti ya Kihindi, na wengi ulimwenguni waliipokea hivyo. Lililowapita ni neno moja, nalo ndilo lililobeba tukio zima.

Kisa ni cha Delhi, miaka ya 1920. Katika karamu ya wakoloni, kijana wa Kiingereza anamkebehi Mhindi kwa kutozijua ngoma za Kizungu, tango na nyenginezo. Swahiba wa Mhindi yule anaingilia kati, akauliza: je, wao wanaijua naatu? Hapo Ram Charan na N. T. Rama Rao Jr. wanaicheza mpaka uwanja unatimka vumbi.

Naatu, kwa Kitelugu, ni kitu cha kienyeji, cha shamba. Kwa neno hilohilo Watelugu humtaja kuku wa kienyeji. Mtu wa visiwani hahitaji ufafanuzi zaidi. Anajua neno "kishamba" linavyotamkwa mjini, na pua zinavyopandishwa. Mshairi Chandrabose amelitwaa neno la namna hiyo, akalirudia na kulirudia mpaka likawa fahari.

Katika sauti ya Kihindi neno limekuwa naacho, yaani "chezeni". Fundi aliyelichagua si mjinga hata kidogo. Silabi ni mbili kwa mbili, irabu ndefu ya mwanzo ni ileile, mdomo unafunguka palepale. Na katika picha safi kiasi hicho, mdomo usioafikiana na sauti huonekana mara moja. Waigizaji wenyewe ndio waliojitilia sauti za Kihindi, kwa hivyo hata koo halilaumiki. Kasoro imo katika shairi: jibu limegeuka amri. Aliyeulizwa kama anaijua ngoma ya wenyewe, sasa anaambiwa acheze tu, na kebehi inabaki bila ya kujibiwa.

Mtego huu washairi wa pwani wanaufahamu, maana ni wangapi walionusuru kina wakaizika maana! Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, aliukwepa kwa njia yake. Aliyachukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayatilia mashairi ya Kiswahili, bila ya kudai kuwa anatafsiri, na msikilizaji alijua kuwa anapewa kitu kipya. Sauti ya kubandika hujifanya ndiyo asili, na kadiri picha inavyong'aa ndivyo hadaa inavyokolea.

Wimbo huo ulipoimbwa katika hafla ya Oscar, Machi 2023, uliimbwa kwa Kitelugu, na tuzo ukaitwaa. Mwenye nakala iliyo na sauti zote mbili na aanze na Kitelugu, hata kama haelewi neno, asome maandishi yapitayo chini ya picha. Kisha airudie karamu ile kwa Kihindi: miguu ileile, vumbi lilelile, midomo karibu ileile.