Barua Iliyoibwa Mara Mbili: Msuko na Dhamira katika Hadithi ya Edgar Allan Poe

Hadithi ya upelelezi, kama tulivyoizoea, humficha mhalifu hadi kurasa za mwisho. "Barua Iliyoibwa" ya Mmarekani Edgar Allan Poe, iliyotoka mwaka 1844, haimfichi. Mwizi anatajwa mapema, na pamoja naye mahali na namna ya wizi. Hii ni hadithi ya tatu na ya mwisho kati ya zile za mpelelezi Dupin, na msomaji aliyelelewa katika Kifaransa huenda aliikuta kwa kalamu ya Baudelaire, aliyeitafsiri katika mkusanyo wake wa 1856. Swali letu ni hili: ikiwa mwizi anajulikana, ni nini basi kinachopelelezwa?

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Mjini Paris, bibi mmoja wa jumba la kifalme anasoma barua ya siri. Mara anaingia mtu mkubwa ambaye hapaswi kuiona, naye bibi anaiacha wazi juu ya meza. Anafika Waziri D., anatambua mwandiko, anaweka barua yake kando ya ile, kisha anapoaga anaichukua isiyo yake. Bibi anamwona, lakini hawezi kupaza sauti. Kwa muda wa miezi kumi na minane Waziri anatumia nguvu hiyo kwa faida zake za kisiasa.

Mkuu wa polisi anaipekua nyumba ya Waziri usiku baada ya usiku. Anachoma mito kwa sindano, anachunguza maungio ya viti kwa hadubini, anapima unene wa majalada ya vitabu. Poe amemfanyia ukali afisa huyu, pengine kupita kiasi. Hata hivyo kosa lake limechorwa vema: anatafuta mahali ambapo yeye mwenyewe angeficha. Kwa kuwa Waziri ni mshairi, na kwake mshairi ni jirani wa mjinga, hakuuliza kamwe anashindana na akili ya namna gani. Dupin anamfananisha na watoto wanaocheza shufwa na witiri kwa gololi: mshindi ni yule anayepima kwanza akili ya mwenzake. (Hotuba ya Dupin juu ya wanahisabati, inayofuata hapo, ni ndefu mno, msomaji asiye na subira atasamehewa akiiruka.)

Barua ilikuwa mbele ya macho ya kila mgeni. Ilikuwa imegeuzwa nje ndani kama glovu, imechafuliwa, imepasuliwa nusu, na kutiwa katika kishikio cha karatasi ngumu kilichoning'inia kwa utepe wa buluu kwenye meko ya ukutani. Dupin anaiona, anasahau kwa makusudi kikopo chake cha ugoro, na kesho yake anarudi kukichukua. Mtu aliyemlipa anafyatua bunduki barabarani, Waziri anakimbilia dirishani, na Dupin anaacha nakala na kutwaa barua.

Hapo ndipo penye uzito. Barua haikurudishwa kwa sheria. Iliibwa tena, kwa hila ileile: nakala mahali pa asili, mbele ya mwenyewe. Mfaransa Lacan, katika semina yake ya miaka ya 1950, alionyesha jinsi tukio la pili linavyorudia la kwanza, huku wahusika wakibadilishana nafasi. Sisi tungeongeza nia za Dupin. Hakuitoa barua mpaka alipoandikiwa hundi ya faranga 50,000. Anakiri kwamba yu upande wa yule bibi katika siasa. Tena ana kisasi cha zamani dhidi ya Waziri, kilichoanzia Vienna. Katika nia hizo tatu, haki haimo. Hakuna anayekamatwa, wala mahakama haitajwi.

Dhamira kuu, kwa maoni yetu, ni mamlaka na masharti yake. Barua ina nguvu maadamu haijatumika. Siku Waziri atakapoitumia, nguvu hiyo itatoweka. Ndiyo maana Poe hakutufunulia yaliyoandikwa ndani yake. Yangejulikana, kisa kingekuwa cha aibu ya mtu mmoja tu.

Wajuzi wa fasihi ya Kiswahili watautambua ukoo huu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyejitokeza katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ana mengi ya Sherlock Holmes, na Holmes naye, katika kitabu chake cha kwanza cha 1887, anamtaja Dupin kwa dharau ya mrithi. Kiko kimerithiwa, na rafiki wa kushangaa pia.

Limebaki jambo moja ambalo wahakiki hulipita haraka. Wanaume watatu wanaipitisha barua hii mikononi, na mwenye barua hasemi neno hata moja katika hadithi nzima. Hatujui kama alipoipokea alifurahi, au kama alijiuliza ni nani mwingine aliyekwisha kuisoma.