Maneno Madogo ya Bungeni: Tundu Lissu na Sanaa ya Kudakiza

Hotuba kubwa ina bahati ya kukumbukwa. Huchapishwa, hunukuliwa, na aghalabu hufundishwa shuleni. Lakini mbunge hasimami kutoa hotuba kubwa kila siku. Siku nyingi husimama kwa dakika chache tu: kuuliza swali la nyongeza, kutoa taarifa, kuomba mwongozo wa Spika, au kutamka neno moja, "Utaratibu", akakatiza usemi wa mwenziwe. Maneno hayo madogo hayana msifu wala mhakiki. Nia ya insha hii ni kuyapima kama tupimavyo nathari nyingine yoyote, na mfano wetu ni Tundu Lissu, aliyekuwa Mbunge wa Singida Mashariki tangu mwaka 2010 hadi 2019.

Jirani zetu wa Kenya wana Seneti. Iliundwa wakati wa uhuru mwaka 1963, ikaondolewa baada ya miaka michache, ikarudishwa na Katiba ya mwaka 2010. Sisi Watanzania tuna Bunge la chumba kimoja. Kazi ambayo kwingine hukabidhiwa baraza la juu, yaani kuupima mswada mara ya pili kwa utulivu, kwetu haina nyumba yake. Hufanywa ndani ya chumba kilekile, na mara nyingi humwangukia mbunge mmojammoja aliyejitwika mzigo huo kwa hiari yake. Ndiyo maana udakizaji si jambo la kupuuzwa.

Msomaji wa Hansard ataona upesi kwamba mchango wa kawaida una umbo lake. Huanza kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu, kisha Spika, kisha Rais, kisha Waziri mwenye hoja, kisha wapiga kura na jamaa wa nyumbani. Hufuata barabara, maji na zahanati. Kengele hulia, na mneni huketi akiunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Umbo hili lisidharauliwe, kwa maana lina adabu ndani yake. Hata watunzi wa tenzi za kale walianza kwa jina la Mungu, wakaomba karatasi na wino kabla ya kusimulia kisa. Lakini katika utenzi dibaji ni mlango wa nyumba. Katika michango mingi ya Bungeni mlango umekuwa mpana hata nyumba yenyewe ikakosa nafasi.

Lissu, ambaye ni mwanasheria, alilivunja umbo hilo. Dakizo lake la kawaida lilijengwa kwa hatua nne. Kwanza hutaja kanuni au ibara. Pili huisoma kwa maneno yake yenyewe. Tatu huonyesha namna jambo lililosemwa au kutendwa linavyopingana na maneno hayo. Nne humwomba Spika aamue. Hakuna utangulizi, na ni nadra kuwapo pambo. Kanuni ya 68, iliyohusu utaratibu, taarifa na mwongozo katika Kanuni za Bunge za miaka ile, ilikuwa kwake kama bahari na vina kwa mshairi: sharti lililobana usemi na kuupa nguvu kwa kuubana.

Yapo tena mambo ya lugha ambayo mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuyaangalia. Mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, kwa kawaida miswada yetu iliandikwa kwa Kiingereza, ingawa ilijadiliwa kwa Kiswahili. Mbunge aliyetaka kupinga kifungu alilazimika kukisoma kwa lugha moja na kukibishania kwa lugha nyingine, papo kwa papo, wenzake wakimsikiliza. Hiyo ni kazi ya mfasiri, na waliothubutu kuifanya kifungu kwa kifungu hawakuwa wengi. Kila Lissu alipochukua neno la mswada akaeleza kwa Kiswahili cha kawaida litamfanya nini raia, aliiongezea lugha yetu uwezo wa kubeba hoja ya sheria. Kwa mtazamo wangu, hili ndilo jema lake kubwa kuliko yote, nalo halitegemei chama cha msikilizaji.

Tabia hii ya kudai maandishi ilionekana wazi katika Bunge Maalum la Katiba mwaka 2014. Alipowasilisha maoni ya wachache, Lissu aliuliza iko wapi Hati ya Muungano ya mwaka 1964. Swali lilikuwa fupi, lakini wale waliokuwa wakibishana juu ya serikali mbili au tatu walijikuta wakibishana kwanza juu ya karatasi. Serikali iliionyesha hati hiyo hadharani mwezi uleule wa Aprili. Mtu aweza kukataa hitimisho la Lissu lote, na bado akakiri kwamba dakizo moja liliwatoa watu katika mazoea na kuwarudisha kwenye ushahidi.

Hata hivyo mhakiki asiwe mpambe. Dakizo la Lissu lina dosari mbili. Ya kwanza ni kejeli. Kejeli huleta vicheko na makofi upande mmoja wa ukumbi, lakini kura ziko upande wa pili, na mtu aliyechekwa hadharani hashawishiki kwa wepesi. Mwaka 2017, sheria za maliasili na madini zilipopitishwa kwa haraka, alionya kwamba mikataba ya kimataifa ingeweza kuifikisha nchi mbele ya mabaraza ya usuluhishi. Mwaka 2023 baraza moja la namna hiyo liliamua Tanzania iilipe kampuni ya Indiana Resources na wenziwe zaidi ya dola milioni 100, kwa ajili ya leseni iliyofutwa kufuatia mabadiliko hayo. Onyo lilikuwa na msingi. Lakini ukweli wa onyo ni jambo moja, na kulifanya lisikike ni jambo lingine. Sanaa ya usemi hudai yote mawili.

Dosari ya pili ni umbali. Jimbo lake liko Ikungi, nchi kame ya alizeti na ufugaji, na yenye dhahabu chini ya ardhi. Sheria ya madini inamhusu mkulima wa huko kwa karibu mno, lakini katika dakizo la kisheria mkulima huyo husikika kwa nadra. Wabunge wa shukrani ndefu, pamoja na udhaifu wao, hutaja kijiji kwa jina. Hoja ya Lissu ilihitaji daraja la kutoka kwenye ibara hadi kwenye kisima, nalo halikujengwa kila mara.

Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa ingeacha kurusha moja kwa moja mijadala yote ya Bunge. Tarehe 7 Septemba 2017 Lissu alipigwa risasi mjini Dodoma, akapelekwa Nairobi na baadaye Ubelgiji kwa matibabu. Juni 2019 Spika Job Ndugai alitangaza kwamba kiti chake ki wazi, kwa sababu za kutohudhuria vikao na kutowasilisha tamko la mali. Basi michango hiyo haikukatishwa na wapiga kura wa Singida Mashariki, na wao hawakupata nafasi ya kuihukumu kwa sanduku la kura katika uchaguzi uliofuata.

Kilichosalia ni Hansard. Humo yameandikwa makofi na kicheko katika mabano, lakini sauti haimo, wala kimya cha ukumbi. Kuijaza nafasi hiyo ni kazi ya wasomi. Tumekusanya mashairi ya malenga na hotuba za marais. Hatujakusanya madakizo ya wabunge, wa chama chochote, ambayo ndani yake Kiswahili kilijifunza kubishana na sheria. Akiba haiozi, lakini isiyofunguliwa haimlishi mtu.