Kinanda Kinapolia

Nakiri kwamba Passacaglia ya Johann Sebastian Bach niliipenda kwanza ikiwa imevaa nguo za mtu mwingine. Ilikuwa ile ya okestra, iliyopangwa upya na Leopold Stokowski mwaka 1922, nami niliisikia kwa spika za masikioni usiku wa manane hosteli, tasnifu imekwama. Fidla zilipopanda na tromboni zikaingia, nilisimama katikati ya chumba kama mtu aliyeitwa jina.

Ya ogani yenyewe, kile kinanda kikubwa cha mabomba kilichotungiwa kazi hii, niliitafuta wiki kadhaa baadaye. Nikachoka kabla haijafika nusu.

Umbo lake ni rahisi kueleza. Tuni ya noti 15 inaanza chini kabisa, peke yake, ikipigwa kwa miguu. Kisha inarudiwa, na juu yake Bach anajenga sura mpya, 20 kwa jumla, halafu inafuata fyugi, ambamo sauti moja huingia ikiikimbiza nyingine. Tuni ile karibu haikuachi. Ni kama kisomo cha mtu mkaidi.

Wapo wasikilizaji wanaomdharau Stokowski kwa kuitia kazi hii sukari. Sikubaliani nao, angalau si haraka hivyo. Kabla ya kuongoza okestra ya Philadelphia alikuwa mpiga ogani makanisani, London na New York, na alijua anachokitafsiri. Aliwaruhusu wapiga fidla wake wageuze pinde kila mmoja kwa wakati wake, ili sauti isikatike kamwe, kama upepo unavyopita kwenye mabomba bila kuvuta pumzi. Huo ni ujuzi. Ottorino Respighi naye aliipanga kwa okestra mwaka 1930. Yake ni nzito, ya kishujaa, na mimi hunipita.

Lakini kuna jambo ambalo okestra haiwezi kulikwepa. Fidla huvimba na kunywea ndani ya noti moja. Ogani haiwezi hivyo: ukibonyeza kwa hasira au kwa huruma, bomba hutoa sauti ileile, kwa nguvu ileile, mpaka uondoe kidole. Kwa Kiswahili kinanda hulia na mtu hulia, kitenzi ni kimoja. Okestra ya Stokowski hulia kwa maana zote mbili. Ogani hulia kwa ile ya kwanza tu, na kwa muda mrefu niliuona huo kuwa upungufu.

Bibi aliyenilea alifariki mwezi wa tatu. Niliporudi chuoni baada ya msiba niliiweka ile ya Stokowski, nikijua itanisaidia. Sikuimaliza. Ilinikumbusha wale jamaa wanaofika msibani wamechelewa, wakaangua kilio tangu mlangoni, mpaka wafiwa wenyewe wanaacha kulia ili wawabembeleze. Kila fidla ilipovimba ilikuwa inanionyesha mahali pa kuumia, nami nilikuwa napajua.

Nikaweka ya ogani. Tuni ya miguu ikaanza, noti baada ya noti, bila kunitazama. Ikazunguka, ikazunguka tena. Haikunipa pole. Ilikuwa na kazi yake, kama wale wanawake wa uani ambao siku zote tatu walichambua mchele na kuosha masufuria, na ambao ndio hasa niliotaka kukaa nao. Karibu na katikati, tuni inahama kutoka chini na kuimbwa juu, nyepesi kabisa. Hapo ndipo nililia, nikijua kilio ni changu.

Ile ya Stokowski sijaifuta kwenye simu. Naisikiliza nikipika, kwa sauti ya juu, na tromboni zikifika naacha mwiko.