Sehemu ya Pili Haikupaswa Kujileta Yenyewe

Sehemu ya kwanza ya Headspace Guide to Meditation, mfululizo wa Netflix, inafundisha vizuri, kisha inaharibiwa pale pale inapokwisha. Mmeiona. Andy Puddicombe, aliyewahi kuwa mtawa wa Kibuddha, amekuongoza mpaka mwisho: umetulia, umefuata pumzi, akili imetangatanga na umeirudisha bila kujilaumu. Unafumbua macho. Kiooni unakutana na kitufe cha sehemu inayofuata, kinajijaza mbele yako. Sekunde chache tu, hujafikia rimoti, na sehemu ya pili imeshaanza.

Uamuzi huo ni mbovu, na sioni namna ya kuutetea. Kwa anayeanza, pagumu ni pale sauti ya mwalimu inaponyamaza. Alipokuwa amefumba macho alikuwa na mtu wa kumshika mkono. Sasa yuko peke yake. Anapaswa kuachwa akae, asikie mabega yake yako wapi, feni inavyovuma, mtoto wa jirani anavyolia, kisha ainuke taratibu aende jikoni na kile kidogo alichokipata. Dakika hiyo ndiyo inayounganisha zoezi na maisha yake, na Netflix imeijaza tangazo la Netflix.

Nitaambiwa mpangilio huo wa sehemu kujianza zenyewe unazimika. Unazimika kwa anayejua ulipo. Anayeanza kutafakari amekuja kujifunza kukaa. Asitumwe kwanza kuchimbua mipangilio ya akaunti.

Kosa lenyewe ni la tangu 1 Januari 2021, sehemu zote 8 zilipoachiwa kwa mpigo. Kuachilia, msongo, wema, maumivu, hasira, kila moja na mbinu yake, kila moja takriban dakika 20. Mtu anazimaliza zote Jumamosi moja alasiri, na hakuna hata mbinu moja iliyomkaa. Ni wali unaofunuliwa kila dakika, mvuke wote unatoka. Na ile ya mwisho inayoahidi uwezo usio na mipaka! Nimeshalisema hili kuhusu programu za simu zinazohesabu siku mfululizo, na nitalisema tena: ukimpa mwanafunzi kitu cha kukimbiza, umemnyang'anya alichokuja kujifunza.

Jon Kabat-Zinn, mwalimu wa kutafakari, hakufanya hivyo. Mwaka 1979, pale Chuo Kikuu cha Massachusetts, alipokea wagonjwa wa maumivu sugu ambao madaktari walikuwa wameshindwa kuwasaidia zaidi. Kozi yake ilikuja kuwa ya wiki 8. Somo la kwanza, zabibu kavu moja: itazame mikunjo yake, inuse, iweke ulimini bila kuitafuna, halafu itafune polepole. Kisha wiki 2 nzima za zoezi moja, kulala chali na kupitisha akili mwilini kuanzia vidole vya mguu, dakika 45, siku 6 kwa wiki, kwa kaseti. Kaseti ikifika mwisho, ilinyamaza.

S. N. Goenka, mwalimu wa Vipassana, alikuwa mkali zaidi. Katika kozi zake za siku 10, siku 3 za mwanzo ni pumzi tu, inavyogusa chini ya pua, watu wote kimya. Hakuna aliyepewa mbinu ya pili kwa sababu ameichoka ya kwanza.

Wala Netflix hawawezi kusema hawajui kusubiri. Mwaka 2019 walitoa Rhythm + Flow kwa mafungu, wiki baada ya wiki, ili mashindano ya rapu yapate muda wa kuzungumzwa. Pumzi ilistahili wiki yake.

Kwa hiyo unayeanza leo, zima mpangilio wa sehemu kujianza zenyewe kabla hujabonyeza chochote. Kesho rudia sehemu ya kwanza. Keshokutwa irudie tena, ukae kitini hata baada ya majina ya watengenezaji kupita, na ya hasira uiache mpaka ya pumzi uweze kuifanya televisheni ikiwa imezimwa.