Kutoka Sumatra hadi Ekalakala: Vuli Inavyotabiriwa

Mwishoni mwa Agosti, wingu la kipupwe linapoanza kuliachia jua nyanda za Masinga, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya hutangaza utabiri wa vuli, mvua za Oktoba hadi Desemba. Kwa mkulima wa Ekalakala, huku Machakos, hakuna tangazo la serikali lenye uzito kuliko hilo. Masika ya huku hayaaminiki. Ghala hujazwa na mbua ya nthwa, kama Wakamba wanavyoiita vuli. Tena vuli hutabirika vizuri kuliko masika, kwa kuwa inaifuata Bahari ya Hindi kwa karibu sana.

Kwa kawaida maji yenye joto zaidi hukaa upande wa Indonesia. Hewa hupanda kule, husafiri juu angani kuelekea magharibi, kisha hushuka kwetu ikiwa kavu na kuyabana mawingu yasikue. Miaka mingine bahari ya Sumatra, huko Indonesia, hupoa na ya upande wa Afrika hupata joto. Mzunguko ule hulegea au kugeuka, na unyevu ukaja bara. Wataalamu hupima tofauti ya joto kati ya pande hizo mbili na kuiita Daipoli ya Bahari ya Hindi, iliyoelezwa rasmi na N. H. Saji na wenzake mwaka 1999.

Redio zetu hupenda kutaja El Niño, yaani joto la bahari ya Pasifiki, peke yake, na hapo ndipo wasikilizaji wanapopotoshwa. Mwaka 1961 Kenya ilifurika bila El Niño yoyote. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kupimwa, lakini mvua zetu hazikufikia zile za 1997, wakati Pasifiki na Bahari ya Hindi zote mbili zilipochangia. Mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa karibu imetulia, ila Daipoli ilipanda mno. Novemba hiyo maporomoko ya ardhi yakaua watu West Pokot. Daipoli ikigeukia upande wa pili, kama 2010, 2016 na 2022, Ukambani hukauka.

Kazi ya kugeuza joto la bahari kuwa utabiri hufanywa pamoja na nchi jirani kupitia ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za kanda hii, katika vikao vilivyoanza 1998. Zamani wataalamu walijadiliana mpaka wakubaliane juu ya ramani moja. Tangu 2019 ramani hutokana na hesabu za modeli kadhaa za kimataifa, zikilinganishwa na mvua halisi ya miaka iliyopita. Miaka hiyo hupangwa katika mafungu matatu: juu ya wastani, wastani na chini ya wastani. Pasipo dalili yoyote, kila fungu lina asilimia 33. Ramani ikisema asilimia 55 juu ya wastani, asilimia 45 bado imebaki kwingine, na mkulima ana haki ya kuelezwa hivyo.

Mwaka 2023 ulionyesha kwa nini. Utabiri wa Agosti uliegemea mvua nyingi, kwa kuwa El Niño na Daipoli zilikuwa zinapanda pamoja. Mapema Oktoba Rais William Ruto akatangaza kwamba mvua hazingefikia kiwango cha uharibifu kilichohofiwa. Novemba mafuriko yakaja, na kabla mwaka haujaisha yalikuwa yameua zaidi ya watu 100 nchini. Kwa maoni yangu, ukimya wa mvua kwa wiki chache haukuwa sababu ya kushusha tahadhari wakati bahari ilikuwa bado imeegemea upande ule ule.

Hata hivyo utabiri wa msimu una mpaka wake. Mvua ya nyanda hizi huja kwa ngurumo: jua hupasha ardhi tangu asubuhi, upepo wa mashariki huleta unyevu, wingu hukua alasiri na kumwaga sehemu moja huku shamba jirani likibaki vumbi. Milimita 20 kwa siku moja ni lita 80,000 hivi kwa ekari. Ekalakala, mvua hiyo ikija yote kwa saa moja, nyingi hutiririka pasipo matuta ya kuizuia. Modeli za msimu, zenye miraba ya makumi ya kilomita, haziwezi kuona wingu hilo.

Kwa hiyo ramani ya Agosti inafaa kuchagua mbegu, basi. Ikiegemea ukavu, ndengu za siku 60 hadi 70 na kunde zipewe nafasi kubwa kuliko mahindi, hata yale ya Katumani yanayohitaji miezi mitatu hivi. Siku ya kupanda iamuliwe na utabiri wa wiki, ambao hufuatilia pia wimbi la mawingu linaloizunguka dunia kwa siku 30 hadi 60 na kuleta au kukata mvua katikati ya msimu. Anayepanda kavu Oktoba anahitaji habari hiyo kuliko mtu yeyote: ngurumo mbili za mwanzo huotesha mbegu, na zikifuatwa na wiki tatu za jua, miche yote hufa.