Kabaila na Mtumishi Safarini: Nani Aliyeelimika?

Ilikuwa desturi ya makabaila wa Uingereza, hasa katika karne ya 17 na ya 18, kuwapeleka vijana wao Ufaransa na Italia ili wakamilishe elimu yao. Francis Bacon, katika insha yake juu ya safari iliyochapishwa mwaka 1625, alishauri kijana afuatane na mwalimu au mtumishi mwenye busara ajuaye lugha ya huko, na aandike shajara. Mtumishi ndiye aliyejua njia. Aliyehesabiwa kuelimika ni bwana wake.

Afrika Mashariki ina maandishi mawili yanayotuwezesha kuupima uhusiano huo. La kwanza ni la Ham Mukasa, aliyefuatana na Katikiro Apolo Kagwa kwenda London mwaka 1902, kuhudhuria kutawazwa kwa Edward VII. Lilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1904, katika tafsiri ya Ernest Millar kutoka Kiganda. Nguvu ya fani yake ni ulinganisho: Mukasa humpimia msomaji mambo ya ugenini kwa mambo ya Buganda. Lakini maudhui yake yana mpaka. Mwandishi ni mgeni wa dola ambayo, kwa Mkataba wa 1900, ilikuwa imewagawia machifu wa Buganda ardhi. Haishangazi, basi, kwamba sifa hutangulia na maswali hufuata kwa mbali.

La pili ni la Salim bin Abakari, Mngazija aliyesafiri Urusi na Siberia mwaka 1896 akiwa mtumishi wa Mjerumani Bumiller. Limo katika *Safari za Wasuaheli*, kitabu alichokihariri Carl Velten mwaka 1901. Hapa yule mtumishi wa Bacon ameishika kalamu mwenyewe. Ni kweli kwamba mhariri alisimama kati yake na sisi. Hata hivyo, tunamsikia kwa Kiswahili, bila mkalimani.

Mhakiki atakayemwita Mukasa kibaraka na kumfanya Salim shujaa atakuwa amekurupuka. Wote wawili walisafiri kwa nauli ya wengine. Swali la msingi ni hili: msafiri anatoa hesabu kwa nani?

Swali hili lingali nasi. Tuchukue mfano wa Kehancha, katika nchi ya Wakuria. Wakuria hawakuwa na ufalme. Utaratibu wao ulisimama juu ya koo na marika. Kijana wa huko anayekwenda kusoma ng'ambo kwa mchango wa harambee hakutumwa na mfalme yeyote. Waliomtuma ni jamaa na majirani, na hao ndio wanaomdai simulizi, kwa lugha wanayoielewa. Sisi tuliosomea ng'ambo tumeandika tasnifu nyingi kwa ajili ya watahini wetu, na machache mno kwa ajili ya waliotuchangia.

Kwa hiyo napendekeza maandishi haya mawili yafundishwe sambamba katika idara zetu, na lile la Mukasa lisomwe darasani kwa Kiswahili, ili mwanafunzi aone kabaila na mtumishi wakijibu swali moja.